Nilifungua shauri la talaka mwenyewe hapa Tanga, bila wakili, na mume alikuwa amekubali. Mambo yalikwenda hivi

Binti wa Makorora (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu niliuahidi siku nyingi, leo watoto wako kwa bibi yao ndiyo nimepata nafasi. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi na baba watoto tulifunga ndoa ya Kiislamu 2014. Tuna watoto wawili, wa kiume miaka 9, wa kike miaka 5. Hakunipiga, sikumfumania, hatukurushiana sufuria. Ndoa iliisha tu kama mafuta ya taa kwenye kibatari, unakitikisa unasikia hamna kitu. Tulipokubaliana kuachana nilidhani kazi imekwisha: tunakwenda mahakamani wawili, tunasema tumekubaliana, tunapewa karatasi, tunarudi zetu. Imetuchukua mwaka na miezi mitatu, na karibu muda wote umeliwa na karatasi moja inayoitwa hati ya baraza la usuluhishi wa ndoa.

Kosa la kwanza. Tulikuwa na karatasi mbili mkononi. Moja ni talaka aliyoniandikia mwenyewe mwaka juzi, kaichana kwenye daftari la hisabati la mtoto, ina vile viboksi. Baada ya talaka ile wazee waliingilia kati, akanirejea nikiwa bado edani, tukakaa miezi minne mingine, ikashindikana. Karatasi ya pili ni barua ya wazee wa pande mbili kwamba wametusuluhisha na wameshindwa. Barua imeandikwa vizuri, ina dole gumba la mjomba wangu na sahihi ya baba yake. Nikaenda nayo Mahakama ya Mwanzo kifua mbele. Karani akaisoma yote, akaikunja, akanirudishia: "Mama, wazee wako nawaheshimu. Hati ya baraza iko wapi?"

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 101, inasema hufungui shauri la talaka mpaka kwanza mgogoro upelekwe baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza lithibitishe kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kukubaliana kwenu hakuondoi sharti hilo, na kikao cha ukoo si baraza hata mkikaa wazee arobaini.

Basi tukaenda baraza la kata yetu (sitaitaja). Hapa ndipo palinifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Siku ya kikao mvua ilinyesha, baba watoto akaja na bajaji kutoka Mwanzange alikohamia, akanipitia, tukashuka pamoja, akalipa nauli. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni anatuangalia. Tulipokaa kwenye benchi akauliza, "Nyie ndio mnaotaka kuachana? Mbona mmekuja bajaji moja?" Wajumbe wakacheka. Tukaambiwa turudi baada ya wiki tatu, tukatafakari. Tulirudi, tukaambiwa tena. Mara ya tatu kila mtu alipanda bajaji yake na mimi nilinuna makusudi, wakatuandikia hati. Sitanii.

Kosa la pili ni la kwetu wenyewe. Hati tukaiweka kabatini. Yeye ni dereva wa lori, akasafiri. Ikaingia Ramadhani, nikasema sifungui shauri la talaka nimefunga. Ikaja Idi, ikaja harusi ya mdogo wangu, nani aende mahakamani wakati nyumba imejaa wageni? Nilipokuja kuipeleka, karani akaanza kuhesabu kwa vidole: mwezi wa kumi na moja, kumi na mbili, wa kwanza... Akafika saba akasimama. Hati inatakiwa iwe imetolewa si zaidi ya miezi 6 kabla ya siku ya kufungua shauri. Yangu imekufa. Nikarudi barazani kuanza upya. Mwenyekiti akauliza ile bajaji iko wapi.

Naendelea chini, simu inazima.

Mzee wa Mkwakwani

Mwanangu, pole. Lakini mimi sielewi. Mume akishaandika talaka imetoka. Eda ikiisha mwanamke yuko huru. Mahakama na baraza vinahusu nini hapo? Mnajitafutia tabu.

Binti wa Makorora

Shikamoo baba. Kwenye dini sikupingi. Lakini kwa sheria ya bara, talaka ya mume peke yake haijavunja ndoa mpaka mahakama itoe amri. Mimi nikiolewa kesho kwa kutegemea ile karatasi ya viboksi, kisheria bado ni mke wa mtu na ndoa ya pili ni batili. Mwanamume yeye ataoa mke wa pili kwa ndoa ya Kiislamu wala hapati shida. Tabu yote iko upande wetu.

Mzee wa Mkwakwani

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Endelea.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi masjala ya mahakama za mwanzo miaka mingi kwenye mkoa huu. Dada kaeleza vizuri, niongeze machache ambayo watu hukwama.

Sheria hairuhusu kuomba talaka kabla ndoa haijafikisha miaka 2, isipokuwa uombe kwanza ruhusa ya mahakama na uonyeshe kwamba unapata mateso yasiyo ya kawaida.

Mamlaka ya kusikiliza talaka yako Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, zote. Asiye na wakili aende ya mwanzo. Lugha ni Kiswahili tangu zamani, na mambo yake yamezoea mtu wa kawaida. Zamani wakili alikuwa haingii kabisa kule. Tangu marekebisho ya 2021 anaingia pale anapoketi hakimu mkazi.

Kwenye maombi yako mahakama itataka kuona: ndoa ilifungwa lini na wapi, watoto kwa majina, umri na jinsia, kama kuna shauri lolote limewahi kufunguliwa kuhusu ndoa hiyo, sababu za kusema ndoa imevunjika, halafu mmekubaliana nini juu ya matunzo na mali, na mwisho unaomba nini. Watu huandika kurasa nne za machungu halafu husahau kuandika wanaomba nini. Hakimu hawezi kukupa usichoomba.

Na hati ya baraza isomeni kabla hamjaondoka barazani. Nimeona hati isiyo na tarehe, nimeona barua imeandikwa "tunawaruhusu waachane". Baraza halina mamlaka ya kuruhusu mtu aachane, linathibitisha tu kwamba limeshindwa kusuluhisha. Shauri likianza na hati mbovu linaweza kwenda mpaka Mahakama ya Rufani na huko likafutwa lote, mkarudi mwanzo na mvi kichwani. Yametokea.

Dereva wa Kange

Huyu karani ndiye aliyenirudisha mara tatu 2009 au namfananisha? 😂

Karani Mstaafu

Ukirudishwa mara tatu ujue karatasi ilikuwa na makosa matatu.

Binti wa Makorora

Nimerudi. Kosa la tatu lilitaka kutupata, bahati mama mmoja msaidizi wa kisheria alituwahi. Kwa waliofunga ndoa ya Kiislamu kuna njia nyepesi ndani ya sheria ileile, kifungu cha 107: baraza likishathibitisha limeshindwa, halafu *baada ya hapo* mmoja wenu akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama inakubali kwamba ndoa imevunjika isirekebishike na inatoa talaka. Yaani hati kwanza, talaka baadaye. Sisi tulikuwa tunataka kupeleka ile talaka ya viboksi, ambayo ina umri mkubwa kuliko hati zote mbili, na ambayo kidini ilishafutika aliponirejea!

Kwa hiyo tulipopata hati mpya, baba watoto akaandika talaka ya pili, karatasi safi, tarehe juu, mashahidi wawili. Mbele ya hakimu karatasi mbili, hati mpya na talaka mpya, ziliwekwa mezani moja pembeni ya nyingine na kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kidole kwenye tarehe ya hii, kisha tarehe ya ile. Hakusema neno, akaandika.

Mshambaa Halisi

Wakuu msaada. Mimi na mwenzangu tulifunga kanisani, Lushoto. Tumekubaliana kuachana kwa amani, hakuna kosa la mtu. Hiyo njia ya talaka ya karatasi si yetu. Je, tukimwambia hakimu "tumekubaliana" inatosha?

Karani Mstaafu

Haitoshi, ndugu yangu. Sheria yetu haina talaka ya kukubaliana peke yake. Mahakama lazima iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na itapima ushahidi. Sheria imetaja mambo yanayoweza kuwa ushahidi: ugoni (yaani uzinzi), ukatili, kutelekezwa kwa makusudi miaka 3 au zaidi, na kadhalika. Kwenu ninyi tazameni lile la kutengana kwa hiari ambako kumedumu angalau miaka 3. Mmeanza lini kuishi mbalimbali?

Mshambaa Halisi

Mwaka wa nne huu. Mimi Tanga mjini, yeye Soni.

Karani Mstaafu

Basi mnalo jambo. Njooni na mtu anayejua kwamba mnaishi mbalimbali tangu lini. Na msidanganyane kutunga ugoni ili shauri liende haraka. Niliwahi kuona mume kakubali "kusingiziwa" ili wamalize, hakimu akauliza huyo mwanamke ni nani, anakaa wapi, mume akaanza kutokwa jasho mahakama nzima inamwangalia.

Baraza mnaweza kwenda la kata au la kanisani kama kanisa lenu linalo baraza linalotambuliwa kisheria. Barua ya paroko kwamba anawafahamu haitoshi. Na talaka ya mahakama haiwafungulii altare, mambo ya kanisa kuhusu kufunga tena mtayauliza hukohuko.

Mama Vitumbua

Mimi swali langu la aibu kidogo. Hatukufunga ndoa. Tumekaa miaka 6, Mabawa, mtoto mmoja. Sasa kila mtu ashike njia yake. Nami nahitaji talaka?

Binti wa Makorora

Aibu ya nini dada. Karani atanisahihisha, ila kuna kifungu cha 160: mkikaa pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawaona mke na mume, inachukuliwa kwamba mmeoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata ikithibitishwa kwamba hamkuoana, mahakama bado inaweza kutoa amri kuhusu matunzo yako na ya mtoto na mambo mengine kama hayo. Usiondoke mikono mitupu kwa kuona haya.

Karani Mstaafu

Sahihi. Na hapo usiende kudai "talaka", utachanganya. Eleza maisha yenu yalivyokuwa.

Mwana wa Pangani

Mali je? Hapo ndipo makubaliano yote hufa. Hebu tuambie mligawanaje maana naona kimya.

Binti wa Makorora

😅 Nilijua litakuja. Tulikuwa na kiwanja Pongwe kina msingi tu, pikipiki, friji, vyerehani viwili vyangu na kitanda cha mninga ambacho mama yake anakiita "chetu".

Mwanzoni alisema kiwanja ni chake kwa kuwa pesa ilitoka kwenye mshahara wake. Ni kweli ilitoka huko. Lakini mshahara wake ulibaki wa kiwanja kwa sababu ada, mchele na kodi vilitoka kwenye cherehani. Yule mama msaidizi wa kisheria alimweleza taratibu kwamba tangu 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikwisha sema hata kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Mimi nilikuwa na kazi za nyumbani *na* cherehani. Alikaa kimya, akaomba maji.

Tukaandika: kiwanja kiuzwe, nusu kwa nusu. Pikipiki yake, vyerehani na friji vyangu. Kitanda achukue, nilikuwa nimekichoka. Tukasaini kila ukurasa na mashahidi wakasaini. Karatasi hiyo tuliiambatanisha kwenye maombi tangu siku ya kwanza na hakimu alitusomea kimojakimoja akiuliza kila mtu, "Umeelewa? Hukulazimishwa?"

Angalizo: kama mna nyumba mnayoishi, mmoja haruhusiwi kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake ndoa ikiwa bado. Usikubali habari ya "tuuze kwanza mahakama baadaye" kama hujui hela inaingia akaunti ya nani.

Mwana wa Pangani

Na watoto?

Binti wa Makorora

Kwenye watoto hakimu hakuchukua makubaliano yetu kama yalivyo. Tulikuwa tumeandika wote wawili wakae kwangu. Kwa wa miaka 5 hakusumbua, sheria inaanza na dhana kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama, ingawa inaweza kupingwa. Kwa mkubwa akasema anataka kumsikia mwenyewe. Mwanangu kavaa sare ya shule siku ya Alhamisi, kaketi ofisini kwa hakimu miguu haifiki chini. Akaulizwa angependa kukaa na nani. Akasema kwa mama, lakini Ijumaa anataka kwenda na baba kuosha lori. Ikaandikwa hivyohivyo kwenye hukumu, kwamba mtoto atakuwa kwa baba kuanzia Ijumaa jioni. Lori halikutajwa.

Matunzo ni juu ya baba, na tulitaja kiasi cha kila mwezi na siku ya kutuma. Msiandike "atatoa kadiri atakavyojaliwa". Atajaliwa kidogo sana.

Ustadhi Chumbageni

Dada zangu, talaka ni halali inayochukiza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu. Mmefikiria watoto? Siku hizi mitandao inafundisha watu kuachana kama kupika chapati.

Binti wa Makorora

Ustadhi, tumesuluhishwa na wazee, tumesuluhishwa na baraza mara mbili, vikao vitano jumla. Chapati gani inachukua mwaka na miezi mitatu?

Dereva wa Kange

Chapati za mahakama 😂😂

Msomi wa Duga

Mume wangu yuko Muscat, Omani, mwaka wa tatu. Kwenye WhatsApp kakubali kabisa, anasema niendelee tu. Barazani wananiambia wanamtaka yeye. Nimtoe wapi?

Karani Mstaafu

Kifungu hichohicho cha 101 kina milango ya pembeni. Mmoja ni huo: mwenzako anaishi nje ya Tanzania na si rahisi aingie nchini ndani ya miezi 6 ijayo, basi unaweza kufungua bila hati ya baraza. Mwingine ni wa aliyetelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi. Mwingine ni yule aliyeitwa barazani akakataa makusudi kuja. Ila lazima uieleze mahakama kwenye maombi kwamba huna hati na kwa nini, na uthibitishe. Ujumbe wa WhatsApp usiufute. Kazi yako ngumu itakuwa kumfikishia wito huko aliko, na hapo nakushauri upate msaada.

Msaada si lazima uwe wa kulipia. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, uliza ofisi ya ustawi wa jamii halmashauri watakuelekeza. Chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, nao huwasaidia wasio na uwezo.

Msomi wa Duga

Ahsante sana baba, nilishakata tamaa. Kuna mtu alinitajia hela nikatamani kulia.

Mwana wa Pangani

Mwenye uzi, siku ya mahakama yenyewe ilikuwaje? Mimi nikiona hakimu tu nasahau jina langu.

Binti wa Makorora

Tulikwenda mara tatu. Ada nililipia kwa kontro namba kwenye simu, wala haikuniuma. Mara ya kwanza tulitajiwa shauri tu na kupangiwa tarehe. Kichekesho, baba watoto alipelekewa wito rasmi wakati tulikuwa tumekaa benchi moja siku ninafungua. Karani alikataa kabisa kumwambia kwa mdomo, "sheria ni wito".

Mara ya pili ni ushahidi. Unaapa, unaeleza. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, hakimu akaniambia niiweke chini nizungumze. Nikaanza na mambo ya mama mkwe, akanisimamisha: "Ndoa ilifungwa lini?" Baada ya hapo ikawa rahisi, anauliza unajibu. Shangazi yangu alikuja kama shahidi. Baba watoto alipoulizwa kama anapinga akasema, "Sipingi, mheshimiwa, ila naomba iandikwe kwamba ni mwanamke mzuri." Hakimu akasema hilo halimo kwenye maombi.

Hapo ndipo nililia, kama mnataka kujua. Nilikuwa sijalia mwaka mzima.

Mara ya tatu hukumu. Tukaelezwa haki ya kukata rufaa, siku 45. Hakuna aliyekata.

Mama Vitumbua

"Halimo kwenye maombi" 💔

Mshambaa Halisi

Baada ya hukumu ndiyo basi, au kuna karatasi nyingine tena?

Karani Mstaafu

Omba nakala ya hukumu na ya tuzo (ile amri ya talaka yenyewe), zenye muhuri. Usiondoke ukaridhika na kusikia kwa masikio. Kisha talaka isajiliwe RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi, vifo, ndoa na talaka, kwa sababu ukitaka kufunga ndoa nyingine ya kiserikali au kubadili taarifa zako watataka kuona maandishi. Na hati ya baraza toa kopi kabla ya kuipeleka, mnasahau hilo kila siku.

Binti wa Makorora

Kopi sikutoa, nilitembea hadi barazani tena kuomba. Mwenyekiti kaniona tu kaanza kucheka.

Nakala ya hukumu nimeichukua leo asubuhi. Nikaisoma palepale chini ya mwembe. Jina la binti yangu limerukwa herufi moja, halilingani na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo nimerudisha isahihishwe. Wamesema Jumatano. Karani, usicheke.

Karani Mstaafu

Sicheki. Nenda saa mbili asubuhi kabla mashauri hayajaanza kuitwa, na beba hicho cheti cha kuzaliwa.